Kitambi Changu na Safari ya Mbumbuni

Leo nina ombi dogo. Kabla hujajongea mezani kula chakula cha mchana, tafuta utepe wa fundi cherehani uuzungushe kiunoni, usawa wa kitovu. Usivute tumbo ndani. Hapana anayekuona.

Kipimo chepesi ambacho wataalamu wa afya hupendekeza ni kwamba kiuno cha mtu mzima kisifike nusu ya urefu wake. Mimi nina urefu wa sentimita 168, kwa hiyo mpaka wangu ni 84. Siku nilipojipima mara ya kwanza utepe ulisoma 108. Nilikuwa nimeuvuka mpaka kwa sentimita 24, na miaka yote hiyo nilikuwa nikiuita mzigo huo afya njema.

Sikujipima kwa hiari yangu. Nilikuwa nimekwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi tu. Muuguzi akanipandisha kwenye mizani: kilo 94. Akaniamuru nirudi kesho yake asubuhi kabla sijatia kitu kinywani, akanitoa tone la damu kidoleni. Sukari ikasoma 6.7. Nikamwuliza kama tayari nina kisukari. Akanijibu, "Bado, baba. Lakini umefika mlangoni na unapiga hodi."

Msomaji wangu, neno hilo lilinikata maini. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori kwa zaidi ya miaka 20. Alikaa kwenye kiti hicho akanenepa, akapata kisukari, na mwishowe kidonda kidogo cha kwenye kidole kikasababisha akatwe mguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha kidonda hicho. Harufu yake naikumbuka hadi leo. Na bado, nikiyajua yote hayo, nilikuwa nikimfuata njia ile ile, chapati moja baada ya nyingine.

Krismasi ilipofika nilipanda basi na familia yangu tukaenda kwetu Mbumbuni, huko Mbooni Mashariki, katika kaunti ya Makueni. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, ambaye umri wake umepita miaka 80, alinitazama akatabasamu. "Umenona, mjukuu wangu," akasema. "Nairobi inakupenda."

Usimcheke susu. Ukambani ni nchi ya mvua za kubahatisha, na njaa zake zina majina. Wazee bado huitaja ile ya miaka ya 1980 iliyoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nakufa nikiwa na pesa mkononi, kwa sababu mtu alikuwa na shilingi zake na hakuona chakula cha kununua. Mzazi aliyeyapitia hayo akiona shavu limejaa humshukuru Mungu. Mbavu zikionekana, huingiwa na hofu.

Kesho yake nikamfuata susu shambani. Bibi huyo alitangulia na jembe begani akikipanda kilima, huku akinisimulia habari za majirani. Mimi nilisimama mara tatu nikijifanya nafunga kamba za viatu. Mara ya tatu mwanangu wa darasa la sita akaniambia, "Baba, hivyo viatu havina kamba." Kweli, nilikuwa nimevaa ndara.

Jioni tukala isyo, yaani mahindi na kunde zilizochemshwa pamoja, na mboga ya majani ya kunde pembeni. Nilikula sahani moja nikashiba mpaka asubuhi. Nikajiuliza: mbona Nairobi nikila chipsi saa saba, saa kumi natafuta mandazi?

Jibu si uchawi. Mahindi na kunde nzima zina maganda na nyuzinyuzi. Tumbo huzishughulikia polepole na sukari huingia kwenye damu taratibu. Kunde, mbaazi na ndengu zina protini pia, nayo hushibisha. Hata hapo kuna tofauti. Muthokoi tunaoupenda sana hutengenezwa kwa mahindi yaliyokobolewa, hivyo sehemu ya maganda huwa imekwisha ondolewa. Ni chakula kizuri, lakini isyo ya mahindi mazima huushinda kwa nyuzinyuzi.

Hata hivyo, msomaji, usidhani nimekuja kukuambia kwamba kijijini ni peponi. Siku hizi hata Mbumbuni chipsi zipo, soda zipo, na mtu huita bodaboda impeleke mwendo ambao baba yake aliukata kwa miguu akipiga mluzi. Tatizo letu si anwani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima wa Kenya walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 17.5, na kwa wanawake 38.5.

Niliporudi Nairobi nilianza kwa kosa ambalo wengi hulifanya. Nilijiambia: nitatembea tu, chakula kitajipanga chenyewe. Nikatembea mwezi mzima. Mizani haikusogea hata kilo moja.

Sababu niliielewa baadaye. Mtu wa uzito wangu akitembea kwa haraka nusu saa hutumia kalori kama 150 hadi 200. Soda ya mililita 300 na andazi moja huzirudisha zote na kuzidi, nami baada ya kila matembezi nilikuwa nikijizawadia soda. Kuna jambo jingine. Mwaka 2012 mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti waliofanya kwa Wahadza, wale wawindaji wa karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Wahadza hutembea kilomita nyingi kila siku wakitafuta nyama, asali na mizizi. Wataalamu walitarajia kuona wakichoma nguvu nyingi kuliko watu wa mijini. La hasha! Walipozingatia ukubwa wa miili, nguvu iliyotumika kwa siku ilikaribiana na ya Wamarekani wanaokaa ofisini. Mwili una njia zake za kubana matumizi. Ndiyo maana miguu peke yake haitoshi kukupunguza. Lazima sahani nayo ibadilike.

Basi kutembea ni kazi bure? Hata kidogo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha uchunguzi juu ya mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa kitini siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Ilionekana kwamba makondakta walipata maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka baba na lori lake, nikamkumbuka na utingo wake, mtu mwembamba asiyetulia, ambaye mpaka sasa yu hai.

Na ushahidi ulionipa moyo zaidi ulitoka Marekani mwaka 2002. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mlangoni mwa kisukari, kama mimi, walifuatiliwa kwa karibu miaka mitatu. Kundi moja lililengwa kupunguza asilimia 7 ya uzito kwa kubadili chakula, na kutembea au kufanya mazoezi kama hayo kwa dakika 150 kila juma. Kundi jingine lilipewa vidonge vya metformini. Wa vidonge walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 31. Wa sahani na miguu waliipunguza kwa asilimia 58. Naam, umesoma sawasawa.

Nikapiga hesabu: asilimia 7 ya kilo 94 ni kilo 6 na nusu hivi. Si lazima niwe mwembamba kama mwanariadha. Kilo 7 tu!

Tulikaa chini na mama watoto. Nilianza vibaya, nikataka kusema anapika mafuta mengi. Akanitazama, akaniuliza, "Na ile soda ya kazini, nayo naipika mimi?" Nikanyamaza. Tukaandika kwenye daftari la mtoto yale yaliyoingia kinywani mwangu kwa siku moja. Chai vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari: vijiko 12, yaani karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2015 limeshauri kwamba ni vyema sukari ya kuongeza isizidi gramu 25 hivi kwa siku, yaani vijiko sita. Mimi nilikuwa nimekwisha maliza posho ya siku mbili, na soda bado.

Mabadiliko yetu hayakuwa makubwa. Sukari kwenye chai ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, kisha kimoja. Soda ikawa ya harusi. Mafuta ya kupikia sasa hupimwa kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka chupani, maana kijiko kikubwa kimoja tu kina kalori kama 120. Sahani tuliigawa: nusu mboga, iwe sukumawiki, mchicha au majani ya kunde, robo ugali au wali, robo maharagwe, ndengu, samaki au nyama. Mara tatu kwa juma tunakula isyo. Chapati hatukuifukuza nyumbani, inakuja Jumapili kama mgeni. Nao watoto wanakula chakula hicho hicho, kwa sababu sikutaka wao waje kuniosha kidonda.

Kwa upande wa miguu, matatu yangu ya asubuhi huniteremsha City Stadium, nami natembea hadi katikati ya mji kwa nusu saa hivi. Siku tano ni dakika 150, na sikulipa hata senti kwa ukumbi wa mazoezi. Mwendo wangu ni ule ambao naweza kuzungumza lakini siwezi kuimba. Viatu vya ofisini nimeviweka kwenye mkoba. Mvua ikinyesha nazunguka ngazi za jengo letu. Jioni sitembei, maana giza la mji lina wenyewe. Nawe chagua njia yenye watu na wakati wenye mwanga.

Bandu bandu huisha gogo. Mwezi wa kwanza kilo moja na nusu, wa pili moja, wa tatu sifuri nikataka kuacha. Mama watoto akanipa utepe, nikaona kiuno kimepungua ingawa mizani imegoma. Baada ya miezi sita nilikuwa na kilo 87, kiuno 100, na sukari 5.5. Bado mimi ni mnene, msomaji. Lakini muuguzi alisema nimerudi nyuma kutoka pale mlangoni.

Tulikwenda tena Mbumbuni. Safari hii nilifika shambani bila kufunga kamba zisizokuwapo. Ila sokoni nilisikia minong'ono, na usiku susu alinishika mkono karibu na moto akaninong'oneza, "Mjukuu wangu, niambie ukweli. Unaumwa?"

Nilielewa. Ukimwi ulipoingia katika nchi zetu, jirani zetu wa Uganda waliuita slimu, kwa vile ulivyowakondesha watu. Tangu siku hizo mtu akipungua watu huanza kuhesabu siku zake. Wengi, hasa akina mama, hunong'onezwa hivyo hivyo, wakaona afadhali warudie unene wao kuliko kusemwa.

Nikamwambia, "Susu, siumwi. Unaukumbuka mguu wa baba?" Akanyamaza. Baba alikuwa mwanawe wa kwanza. Nikamweleza habari ya mlango na hodi, kwa maneno machache. Hakunijibu. Alichukua upawa, akaondoa isyo kidogo katika sahani yangu akairudisha chunguni, kisha akanijazia mboga. Halafu akasema, "Kula."

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kama utepe wako umevuka mpaka, usijifungie njaa na usinunue vidonge vya kukondesha vya mitaani. Ukipunguza nusu kilo kwa juma, umefanya vizuri. Kama tayari unatumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu, au una mimba, mwone daktari kwanza. Na kama unapungua bila kujaribu, hapo usifurahi. Mwone daktari upesi, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Anza na kikombe cha chai cha leo jioni, na kituo kimoja cha matatu kesho asubuhi. Ukikutana nami Barabara ya Jogoo, usiniulize kama naumwa. Niulize tu nimebakiza kilo ngapi.