Nyasi za Uani si Anasa

Miongoni mwa mambo tuliyoyarithi kwa wazee wetu bila kuyatazama upya ni imani kwamba ua safi ni ule usio na jani hata moja. Alfajiri ufagio hupita, takataka hukusanywa, udongo huachwa mtupu ukiwa na mistari ya ufagio, na mgeni afikapo huisifu nyumba hiyo kwa unadhifu. Hatuidharau imani hiyo, kwani ilikuwa na sababu zake. Nyoka hujificha katika nyasi ndefu, kupe hungojea juu ya majani, na mtoto anayetambaa huonekana vizuri zaidi penye udongo mtupu. Lakini ukizichunguza sababu hizo, utaona kwamba zote ni hoja dhidi ya nyasi ndefu. Hakuna hata moja iliyo hoja dhidi ya nyasi fupi.

Tunayasema haya tukiitazama tarafa ya Nkungu, wilayani Rusizi, katika sehemu iliyojulikana kuwa mkoa wa Cyangugu mpaka mabadiliko ya mipaka ya utawala ya mwaka 2006. Hii ni nchi ya miteremko. Mvua zake ni za misimu miwili, ule wa Septemba hadi Desemba na ule wa Machi hadi Mei, na si mvua za mchezo. Tone moja likianguka juu ya udongo uliofagiliwa kila siku halipati pa kuingilia, kwa sababu ufagio umekwisha kuondoa majani makavu na chembechembe zilizofanya udongo uwe na matundu. Maji hukimbia, na yakikimbia hayaendi peke yake. Ndiyo maana mtu akitembea katika vilima vyetu ataona nyumba ambazo zilijengwa sawasawa na usawa wa ua, na leo misingi yake imebaki wazi, na mlangoni pameongezwa jiwe la kupandia. Nyumba haikuinuka, ndugu msomaji. Ua ndio ulioshuka. Mkulima wa mpunga katika bonde la Bugarama, ambaye kila mwaka huzibua mifereji iliyojaa tope, anaufahamu vizuri udongo utokao vilimani.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini. Hatusemi kwamba nyasi za uani zingeuzuia msiba ule. Mlima unapokatika hauzuiliwi na mizizi ya ukoka. Tunachosema ni kwamba Serikali na wananchi wamefanya kazi kubwa mashambani, kwa matuta ya ngazi na kwa majani ya tembo, ambayo Wanyarwanda huyaita urubingo, yaliyopandwa kwenye kingo za matuta hayo. Je, ni haki kwamba shamba lilindwe hivyo na ua ulio juu yake uachwe uchi, umwage maji yake yote juu ya matuta yale yale?

Tunajua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba nchi ni ndogo na watu ni wengi. Ni kweli: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 13.2, yaani wastani wa watu 503 katika kila kilomita moja ya mraba. Mtu anayeng'oa maharage ili apande nyasi za kutazamwa hatumtetei, na wala hatuvitetei viwanja vikubwa vya nyasi vya baadhi ya ofisi za mijini, ambavyo hakuna mguu wa raia unaoruhusiwa kuvikanyaga. Hoja yetu ni juu ya kile kipande kilichoko kati ya mlango na ua wa miti, ambacho hata sasa hakilimwi. Kipande cha mita 6 kwa mita 8, yaani mita za mraba 48, chatosha watoto kucheza, kuanika nguo, na kukalia wageni siku ya arusi. Aidha, nyasi zinazokatwa hapo si za kutupwa. Tangu mpango wa Girinka ulipoanza mwaka 2006, ng'ombe wengi katika vijiji vyetu hufugwa zizini na kuletewa majani, na mwenye ndama anajua thamani ya kikapu kimoja cha majani mabichi karibu na mlango. Ila azitandaze kwanza zipoe. Nyasi fupi zilizorundikwa huchacha upesi na hazimfai mnyama.

Basi ni nyasi gani za kupanda? Hapa tusikurupuke. Ukoka, ambao msomaji wa pwani na wa bara ameujua tangu utotoni, hupenda jua na joto, na haupendi kivuli. Utastawi sana Bugarama, sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, isiyofikia mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Lakini panapo baridi na migomba mingi utasuasua. Ipo nyasi ambayo katika Rwanda watu huiita pasiparumu, yenye jani pana na shina litambaalo. Jamii hiyo ya nyasi kwa sehemu kubwa ina asili ya mabara ya Amerika, lakini imekaa kwetu kiasi kwamba kwa watu wengi kusema bustani ni kusema pasiparumu. (Na tukumbuke kwamba hilo neno ubusitani, litumiwalo na Wanyarwanda, ni bustani yetu ya Kiswahili iliyopanda mlima.) Tena ipo ile nyasi iitwayo Kikuyu, ambayo si mgeni hata kidogo. Ni mzaliwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwamo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilichukuliwa ikapelekwa Afrika Kusini na Australia, na huko ikawa nyasi ya malisho na ya viwanja vya michezo. Sisi tuliyekuwa nayo mlangoni tuliiona kuwa magugu.

Kwa kweli hata hilo la magugu si uongo. Nyasi ya Kikuyu haijui mpaka. Ikiachwa mwaka mmoja itakuwa imeingia katika shamba la maharage kwa njia ya chini, na mwenye shamba atailaani. Anayeipanda hana budi kuchimba mfereji mwembamba wa kina cha kiganja kuuzunguka uwanja wake, na kuusafisha kila msimu. Jambo jingine la ajabu ni kwamba mbegu zake hujificha ndani ya ala za majani, karibu na ardhi, hata wataalamu wa mimea wakaipa jina la Kilatini lenye maana ya kufichika. Kwa sababu hiyo wengi hupanda vipande vya shina lake, wala hawangojei mbegu.

Suala hili la mbegu au vipande ndilo linalowaangusha watu wengi. Mbegu ni rahisi kubeba, lakini juu ya mteremko mvua kubwa ya kwanza huzichukua zote na kuzipeleka kwa jirani wa chini. Kanuni iwe hii: mahali palipo tambarare, panda mbegu, mahali penye mteremko, panda vipande kwa mistari inayokata mteremko, si inayoshuka nao. Kwa mbegu, ardhi ilimwe kijuujuu, mawe na vijiti viokotwe vyote, udongo usawazishwe kwa reki, kisha ukandamizwe kidogo kwa miguu au kwa gogo. Penye udongo mchachu, kama ulivyo katika sehemu nyingi za milima hii, chokaa ya kilimo husaidia, na wilaya hii inayo mawe ya chokaa yake yenyewe huko Mashyuza. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe. Samadi mbichi itakuletea magugu kuliko nyasi.

Mbegu za ukoka ni ndogo mno. Gramu 5 hadi 10 zatosha mita moja ya mraba. Zichanganywe na mchanga mkavu ili mkono upate kitu cha kutawanya, nusu zitawanywe kwa kutembea mashariki kwenda magharibi, na nusu ya pili kwa kuikata njia ile ya kwanza. Zifunikwe kwa udongo usiozidi nusu sentimita. Juu yake yatandazwe majani makavu machache, ambayo jua litapita kati yake. Baada ya hapo kazi ni ya subira: wiki moja hadi tatu kwa ukoka, na zaidi kwa nyasi nyingine. Kuku wafungiwe. Wakati wa kupanda ni mvua za Septemba zinapokwisha kushika vizuri, wala si ile mvua moja ya kwanza inayodanganya watu.

Tumefika kwenye kukata, na hapa sisi wa jeshi tunayo ya kusema. Aliyepitia chuo cha makadeti amelijua fyekeo. Fatiki ya kufyeka nyasi ilitangulia mambo mengi tuliyodhani ndiyo tuliyoyaendea huko, na yeyote aliyesimama katika mstari wa watu 20 wanaofyeka anajua kwamba fyekeo ni chombo cha nguvu, na si cha usawa. Linang'oa hapa, linaruka pale, linarusha kokoto kwenye ugoko wa jirani. Kwa kichaka ni chombo kizuri. Kwa uwanja wa mita 48 penye watoto, hapana.

Chombo kifaacho ni kile kilichobuniwa mwaka 1830 na fundi Mwingereza, Edwin Budding, wa karibu na mji wa Stroud. Budding aliiona katika viwanda vya nguo mashine yenye silinda ya visu iliyokuwa ikinyoa manyoya yaliyosimama juu ya kitambaa cha sufu, naye akafikiri kwamba kinachonyoa kitambaa kitanyoa na uwanja. Katika maombi yake ya hataza alidai kwamba hata mabwana wakubwa wangeiona kazi ya kuisukuma kuwa mazoezi mazuri ya mwili. Hatujui mabwana wangapi walikubali. Tangu mwaka 1832 kiwanda cha Ransomes cha Ipswich kilianza kuziunda kwa idhini yake, na umbo la mashine hiyo halijabadilika sana mpaka leo: magurudumu mawili, gia zinazoizungusha silinda, visu vitano au zaidi vilivyopindwa kama parafujo, na kisu kimoja cha chini kisichosogea. Jani hunaswa kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichotulia, likakatwa kama kwa mkasi. Mashine ya petroli yenye kisu cha kuzunguka kama feni hulipiga jani mpaka likakatika, na ncha yake hubaki imechanika na kugeuka rangi ya kahawia.

Petroli yenyewe hutufikia kwa malori kutoka pwani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali peke yake ni zaidi ya kilomita 1,400, na Rusizi bado iko mbele. Kuyasafirisha mafuta mwendo wote huo ili yakate nyasi ambazo kijana wa miaka 15 angezikata kwa dakika 20 kabla ya chai, kwa maoni yetu ni ubadhirifu.

Hata hivyo mashine ya mkono ina masharti yake, na mwenye duka asipoyasema tutayasema sisi. Haikati nyasi ndefu. Zikipita urefu wa kiganja huinama mbele yake na kusimama tena imekwisha kupita. Mabua ya mbegu ya pasiparumu huitoroka hivyo hivyo. Jiwe dogo kama punje ya hindi laweza kulitia kisu pengo. Kwa hiyo wakati wa mvua uwanja ukatwe kila baada ya siku 5 hadi 7, usipunguzwe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake kwa mara moja, ubakie na sentimita 3 au 4, na usikatwe ukiwa na umande. Aliyechelewa wiki tatu aanze kwa fyekeo, ndipo alete mashine.

Si lazima kila nyumba inunue yake. Nyumba 10 katika kijiji zaweza kuwa na moja, kwa zamu, kama watu wanavyoazimana toroli. Shida ya vitu vya shirika twaijua: kila mtu hutumia, hakuna anayenoa. Afadhali achaguliwe mtu mmoja wa kuitunza, alipwe kidogo na kila nyumba, naye akabidhiwe kopo la mafuta na karatasi. Karatasi ni ya kupimia. Aiweke kati ya visu viwili na kuzungusha silinda kwa mkono polepole. Ikikatwa safi kutoka upande mmoja hadi mwingine, mashine iko tayari. Ikikunjwa tu bila kukatika, akaze parafujo za kisu cha chini robo mzunguko kila upande na ajaribu tena. Mwisho wa mvua za Mei, nyasi zinapolala, apake visu ile rojo ya mchanga laini na mafuta ambayo makanika huitumia kusagia vali za injini, azungushe silinda kinyumenyume mpaka mlio wake uwe mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, aifute, aipake mafuta, na kuitundika mahali pakavu mpaka Septemba.