Joto Kwanza, Umbo Baadaye

Uchaguzi wa lenzi ya asferi huanza, kwa mazoea, na umbo: thamani ya k (kigezo cha koni), idadi ya vizidishi vya daraja la juu, hitilafu ya tufe iliyobaki. Nyenzo huja mwisho, tena kwa swali la bei tu, na hapo ndipo mabishano ya kioo na plastiki yanapogeuka ushabiki. Wapo wanaoidharau plastiki kana kwamba ni ya kutengenezea midoli. Wapo wanaotaja kamera ya simu, iliyojaa lenzi za plastiki, wakaona kesi imekwisha. Wote hulipita jambo ambalo makala kuu ya toleo hili imelishika kwa mikono miwili: joto.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, akriliki hutanuka takribani sehemu 70 kwa milioni, na fahirisi yake ya kupinda mwanga, 1.49, hushuka kwa karibu 0.0001. Mabadiliko yote mawili huisogeza fokasi upande uleule, mbali na lenzi. Lenzi moja ya akriliki yenye urefu wa fokasi wa milimita 10, ikiongezewa joto la nyuzi 30, fokasi yake husogea karibu mikromita 85. Kwenye F/2, mwanga wa kijani huvumilia kosa lisilofika mikromita 5 kila upande. Ganda la alumini nalo hutanuka, lakini hufidia mikromita 7 hivi tu. Lenzi ya kioo cha N-BK7 katika hali hiyohiyo husogea chini ya mikromita 2. Hakuna polinomia, hata ya daraja la ishirini, inayoziba pengo la namna hiyo.

Simu huokolewa na injini yake ndogo ya kutafuta fokasi. Kamera ya gari iliyofungwa fokasi kiwandani, kisha ikashinda juani nyuma ya kioo cha mbele, haina mwokozi. Dawa si kuifukuza plastiki. Kazi kubwa ya kukusanya miale ipewe kioo, hata kiwe cha tufe cha kawaida. Sura ya asferi iwekwe kwenye lenzi ya plastiki yenye nguvu ndogo, inayosahihisha bila kubeba mzigo. Fokasi ya lenzi dhaifu hata ikisogea, mfumo mzima hautikisiki sana. Wabunifu wengi wanalijua hili. Ajabu ni kwamba hulikumbuka baada ya sampuli ya kwanza kutoka kwenye tanuri la majaribio.

Hata ndani ya plastiki kuna kuchagua. Akriliki hufyonza unyevu na kubadilika kwa hilo pia; plastiki za sikloolefini hufyonza kidogo mno. Polikaboneti ni ngumu kuvunjika, lakini namba yake ya Abbe ni ndogo, 30 hivi, hivyo huacha rangi pembezoni mwa taswira.

Kuhusu utengenezaji, makala ya pili inakumbusha kwamba kioo cha kusubu kwenye kalibu huanza kulipa pale oda inapokuwa kubwa, na kwamba fahirisi yake hushuka kidogo kwa sababu ya kupozwa haraka, kwa hiyo thamani ya katalogi haitoshi. Alama za chombo kilichochonga kalibu nazo hurithiwa na kila lenzi, zikaonekana kama pete za kitunguu kwenye taa zilizo nje ya fokasi.

Makala ya upimaji inarudi kwa darubini ya anga ya Hubble: kioo chake cha kuakisi cha mita 2.4 kilisuguliwa kwa uangalifu mkubwa kufuata kipimo kibovu, kwa kuwa lenzi moja ya kifaa cha kupimia ilikaa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Makala ya mwisho inahusu germani kwa mwanga wa infraredi, nyenzo inayokerezwa kwa almasi bila shida, lakini ambayo fahirisi yake, karibu 4, hubadilika kwa joto mara nne hivi zaidi ya ile ya akriliki.