Nani Abaki na Mtoto?

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Lakini mtoto mchanga halelewi na waraka. Huku Uyui kwenye tumbaku, bibi akienda shambani, mama mwanafunzi hulazimika kubaki nyumbani, na ruhusa inakuwa bure.

Filamu ya Zimbabwe, Yellow Card (2000), ilimwonyesha kijana mcheza mpira akiachiwa mtoto wake mchanga amlee. Basi akina baba, kaka na wajomba, nasi tumbebe mtoto ili binti ashike kalamu. Kulea si kazi ya wanawake peke yao.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Isikizya, Tabora.