Tusilifiche Jina la Mtoto Aliyetangulia

Mwezi huu tuwakumbuke wenzetu waliofiwa na watoto, hasa wale ambao hata kaburi la kwenda kupalilia hawana.

Mmoja wao alikuwa Mary Jane Sheean wa Latrobe, katika kisiwa cha Tasmania, nchini Australia. Mumewe alikuwa kibarua, nao walijaliwa watoto 16. Teddy, mtoto wa 14, alizaliwa Desemba 1923. Baada ya shule alifanya vibarua mashambani. Mwaka 1941, ndugu zake watano wakiwa wamekwisha kuingia jeshini, naye alijiandikisha katika kikosi cha akiba cha wanamaji.

Mei 1942 alipewa likizo. Akiwa nyumbani, nyambizi ndogo za Japani ziliingia bandari ya Sydney zikaizamisha Kuttabul, chombo alimokuwa akilala. Mama gani asingemshukuru Mungu? Kumbe ilibaki miezi sita tu.

Tarehe 1 Desemba 1942 meli yake, Armidale, ilishambuliwa na ndege za Japani karibu na kisiwa cha Timor. Mabaharia waliamriwa kuiacha. Teddy alipigwa risasi kifuani na mgongoni. Badala ya kujitupa majini, alirudi kwenye mzinga, akajifunga kwa mikanda, akazipiga ndege zilizokuwa zikiwaua wenzake waliokuwa wakielea. Meli ilizama naye akiwa bado anapiga. Alikuwa na miaka 18. Kati ya watu 149 walisalimika 49.

Waliosalimika walisimulia. Jamaa zake nao hawakuchoka kumtaja na kumdai heshima yake, hata mwaka 2020, miaka 78 baadaye, akapewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Mama yake hakuiona. Lakini jina la mwanawe halikuzama.

Kwetu, matanga yakishaanuliwa, mara nyingi jina la mtoto halitajwi tena. Tunaogopa kumtonesha mama kidonda. Sisi tunaouguza na kutembelea wafiwa tumeona kwamba mama hasahau kwa sababu majirani wamenyamaza. Huendelea kulia, ila sasa hulia peke yake jikoni.

Basi, dada mpenzi, mtembelee mama mmoja aliyefiwa zamani. Usimwambie, "Usilie," wala, "Mungu atakupa mwingine." Mtaje mtoto kwa jina. Uliza alipenda chakula gani, alichekaje, alimfanana nani. Kisha nyamaza, umsikilize. Akilia, mwache alie. Bwana wetu naye alimlilia Lazaro mbele za watu. Ukiona majuma yanapita halali wala hali, mshike mkono mwende pamoja kituo cha afya.

Mungu awafariji wote wanaolia kimya kimya. Amina.