Binti wa Kasulu anahitaji nini ili aandike programu?

Ukitamka neno "kodi" sokoni Kasulu, kila mtu anafikiria TRA. Ile kodi nyingine, ya kuiandikia kompyuta maelekezo ya nini cha kufanya, bado ni habari ya mbali.

Jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka huko, mambo yalianza mapema. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, kwa sababu wasichana kwenye fani hiyo walikuwa wachache mno. Njia yake si ngumu kuielewa: klabu ndani ya shule ya sekondari, baada ya vipindi, wasichana wanajifunza kutengeneza tovuti na programu za simu kutokana na shida wanazoziona mtaani kwao.

Je, mfumo huo unaweza kusimama Kasulu na Kibondo?

Miaka michache nyuma jibu lingekuwa fupi. Wilaya hizi zilikuwa zinategemea umeme wa jenereta za dizeli. Oktoba 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulizinduliwa Kigoma, hivyo kisingizio cha kwanza kimepungua nguvu, angalau kwa shule zilizo karibu na nguzo.

Kisingizio cha pili ni bando. Hapa watu wengi wanakosea. Kuanza kujifunza programu hakuhitaji intaneti kila siku. Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ni ya bure, inawekwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila mtandao, na ina Kiswahili. Mwanafunzi anapanga vipande vya rangi kama matofali, paka anatembea kwenye skrini. Anaonekana kama anacheza, kumbe ameshajifunza sharti na marudio, vitu vilevile atakavyovikuta kwenye Python baadaye.

Kwa hiyo kompyuta tano zilizotumika, mtu mmoja mwenye flashi, na klabu inaanza. Shida iko kwa huyo mtu mmoja.

Katika sekondari nyingi za vijijini mwalimu wa hisabati ndiye huyohuyo wa fizikia, na mara nyingine ndiye anayeitwa printa ya ofisi ikigoma. Kumwongezea klabu ya jioni bila posho wala mafunzo ni kumtwisha mzigo tu. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024, na sera ya elimu, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima ya miaka 10 na inasisitiza ujuzi. Ni vizuri. Ila sera haifundishi. Mashine zinazogawiwa shuleni bila mwalimu aliyeandaliwa huishia kuchapia mitihani, tena zikiwa zimefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Kwa wasichana kuna ugumu zaidi. Klabu ya saa kumi jioni inagongana na maji, kuni na safari ya kurudi nyumbani kabla ya giza. Anayetaka kuleta mfano wa Dar huku aanzie kwenye ratiba: Jumamosi asubuhi, au shule zenye mabweni. Kompyuta zije baadaye.

Halafu kuna kambi. Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu 1996, na Nduta ya Kibondo zimepokea maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo na Burundi. Mpango wa madarasa ya kidijitali wa Vodafone Foundation na UNHCR, ulioanza mwaka 2013, umefika Nyarugusu ukiwa na tableti na umeme wa jua. Maana yake, teknolojia kufika nyanda hizi inawezekana, na hata kambini imewezekana.

Kijana wa kambini ana kikwazo cha aina yake: hatoki bila kibali, na shule yake imekuwa ikifuata mtaala wa nchi aliyotoka. Cheti chake kinaweza kuleta maswali mpakani. Kujua kuandika programu hakuna mhuri wa nchi yoyote. Mrundi anayerudi Ruyigi anaondoka nao kichwani. Ndiyo maana mafunzo haya yangefaa kuanza sasa, wakati safari za kurejea zinaendelea, badala ya kusubiri hadi madarasa yabaki matupu.