Roboti ya mwanafunzi isiwe ya fundi

Kuna swali moja dogo ambalo latosha kumtambua mwanafunzi aliyeiunda roboti yake kwa mikono yake mwenyewe. Muulize, "Kwa nini gurudumu hili lina upana huu?" Aliyeiunda atakujibu papo hapo, hata kama jibu lake lina kasoro. Asiyeiunda atamtazama mwalimu.

Tuliliona jambo hili kwa macho yetu katika maonyesho ya shule fulani. Roboti ilikuwa nzuri ajabu, imepakwa rangi na waya zake zimefungwa kwa unadhifu. Ilipokwama, wanafunzi wawili walioandamana nayo hawakujua waanzie wapi. Fundi aliyeiunda, tuliambiwa kwa sauti ya chini, alikuwa amekwisha kulipwa na kwenda zake. Hata hivyo ilipewa alama nyingi kuliko kigari cha mbao na vifuniko vya chupa kilichokuwa kwenye meza ya pili, ambacho wenyewe walikuwa wakikifungua na kukifunga upya kila mpita njia alipouliza.

Hatutaitaja shule hiyo, kwani si ya pekee. Twaandika haya tukizikumbuka hasa shule za kutwa za Kitui na Makueni, ambako vijana tangu utotoni huunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona, na ambako mzazi hawezi kununua sanduku la vipuri kutoka ng'ambo. Katika Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, ambayo walimu wa zamani waliyajua kwa jina la Kongamano la Sayansi, roboti ina kitengo chake. Iwapo kitengo hicho kitakuwa soko la mafundi wa mjini, basi mtoto wa Mutomo au Kathonzweni ameshindwa kabla hajaondoka nyumbani.

Dawa ya jambo hili imo katika sheria za mashindano, nazo ndizo wanafunzi wengi huzisoma mwisho. Wengi huziona kama ua la miiba lililowekwa kuwazuia. Katika miaka ya 1970, Woodie Flowers, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, aliwapa wanafunzi wake mfuko wa vikorokoro, kila mmoja mfuko wa aina ile ile, akawataka waunde mtambo wa kutimiza kazi moja. Baadaye alishirikiana na Dean Kamen, na mnamo 1992 yakafanyika mashindano ya kwanza ya FIRST kwa wanafunzi wa shule za upili. Mwaka 2017 vijana wa nchi zaidi ya 150 walikutana Washington, kila nchi ikiwa imepewa vipuri vile vile, na kazi waliyopewa ilihusu maji safi: roboti zilitenganisha mipira ya buluu, iliyosimama badala ya maji, na ya rangi ya machungwa, iliyosimama badala ya uchafu. Sheria ya vipuri sawa ndiyo iliyomweka mtoto wa nchi maskini mbele ya mtoto wa tajiri bila kumwonea mmoja wao.

Sheria hizo pia ndizo zinazomfundisha kijana kufikiri. Tuchukue sheria ya ukubwa. Katika mashindano ya FIRST Tech Challenge, kwa miaka mingi roboti imetakiwa ienee ndani ya mchemraba wa inchi 18, yaani kama sentimita 46, kabla ya mchezo kuanza. Mwanafunzi mwerevu hatakimbilia msumeno. Atakata sanduku la karatasi ngumu lenye kipimo hicho, kisha apange ndani yake mota, betri na mkono wa roboti, vyote vikiwa vya karatasi vilevile. Hapo atagundua kwamba mkono haukunjiki, au kwamba betri ikiwekwa juu roboti itapinduka kwenye kona. Kosa la karatasi hurekebishwa kwa gundi na dakika kumi. Kosa la chuma hugharimu karo.

Baada ya karatasi huja hesabu, na hapa ndipo mwalimu wa fizikia apaswa kuitwa. Mkono wa sentimita 30 unaoinua gramu 200 kwenye ncha yake wahitaji nguvu ya kuzungusha ya kilo 6 kwa sentimita. Ikiwa mkono wenyewe una gramu 100, na uzito huo waangukia katikati yake, ongeza 1.5. Jumla ni 7.5. Mota ndogo za bei nafuu zinazouzwa kwa wingi hutoa kama 1.8 tu. Basi mwanafunzi ana hiari: aufupishe mkono, aongeze meno ya gia, au anunue mota kubwa zaidi. Lakini amejua haya kwa kalamu, kabla hajatoa senti.

Kwa nini basi tusiandike sheria zetu wenyewe? Wilaya hizi mbili za zamani, ambazo sasa ni kaunti, zajulikana kwa mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukatiza mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga huo bila kukauka upesi kwa jua. Tungependa kuona uwanja wa mashindano uliomwagwa mchanga wa mtoni, na roboti ikitakiwa kuvuka na kikombe cha maji bila kuyamwaga. Roboti ya dukani yenye magurudumu membamba itazama mara moja. Aliyekulia kando ya Tiva au Thwake, akawaona punda wakishuka mtoni na madumu, atajua kwamba uzito ukitandazwa juu ya eneo pana haudidimii.

Twapendekeza pia gharama ya vipuri isizidi shilingi 6,000, risiti zikionyeshwa, na vitu vilivyookotwa vihesabiwe bure. Kila timu ilete daftari lenye michoro na tarehe, pamoja na ile michoro iliyoshindikana. Waamuzi nao wawe na ruhusa ya kung'oa gurudumu moja na kuwaambia wanafunzi walirudishe, mwalimu akiwa nje ya chumba.

Kuna watakaosema kwamba masharti haya yatawafukuza wafadhili. Huenda. Mfadhili anayetaka picha tu na roboti inayong'aa ana mahali pengine pa kwenda. Anayetaka kusaidia kweli na anunue mota mia moja za aina moja, azigawe sawa kwa shule za Kitui na Makueni, na waandalizi watume sheria kabla ya likizo ya Desemba, ili wanafunzi wapate majuma ya kutosha ya kukata karatasi.