Kiberiti ndani ya chupa: Lebo zizungumze nasi kwa Kiswahili

Majuzi nilihudhuria karamu ya kumuaga mwalimu mmoja aliyestaafu, hapa kwetu Kamenu, mjini Thika. Baada ya hotuba na pilau, chupa za mvinyo zilizungushwa mezani. Mwalimu wa kike aliyeketi karibu nami, ambaye ana ugonjwa wa pumu, aliitwaa chupa moja, akaigeuza na kunionyesha maandishi madogo yaliyokuwa nyuma yake.

"Daktari," akaniambia, "wewe ndiwe mtu wa lugha. Hospitalini nimeonywa nijihadhari na vitu vyenye salfaiti. Hapa wameandika nini?"

Niliyasoma maandishi hayo kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania na Kijerumani. Lugha zote tano zilisema jambo moja: mvinyo huo ulikuwa na salfaiti. Kiswahili hakikuwamo. Mwenzangu akaiweka chupa chini, akaomba maji. Lakini swali lake la pili ndilo lililonishinda: "Na hizo salfaiti zenyewe ni kitu gani, Daktari?"

Nilinyamaza. Mimi ambaye kwa miaka mingi nimewafunza vijana asili ya maneno, nilikuwa nalijua neno bila kukijua kitu. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza. Nilirejea nyumbani, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata, nami naona yafaa kuwafikia walimu wenzangu na wanafunzi.

Kwanza, jamaa ya neno hili tunayo jikoni. Kiberiti, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, si jina la njiti za kuwashia moto tu; ni jina pia la madini ya manjano ambayo wanasayansi huyaita salfa. Kiberiti kikichomwa hutoa gesi yenye harufu kali ya kukereketa koo. Gesi hiyo, pamoja na chumvi zitokanazo nayo, ndizo tunazozizungumzia. Watengenezaji hutia kiasi kidogo katika mvinyo ili kuua vijidudu vya kuuchachusha na kuzuia hewa isiuharibu rangi na ladha.

Pili, hamira yenyewe inapougeuza utamu wa zabibu kuwa kileo, huzalisha salfaiti kidogo. Kwa hiyo karibu hakuna mvinyo usio nazo kabisa. Hapa ndipo sarufi inapotufaa. "Usio na salfaiti" na "usioongezwa salfaiti" si kauli moja. Ya kwanza yakanusha kuwapo kwa kitu. Ya pili yakanusha tendo la mtu. Muuzaji anayeitumia ya kwanza ilhali ukweli ni ule wa pili anatupotosha, hata kama hakukusudia.

Je, zina madhara? Kwa watu wengi hazina madhara ya kuonekana zikitumiwa kwa kiasi. Wenye pumu ndio wanaopaswa kuwa macho, kwani baadhi yao hubanwa kifua, hukohoa na kushindwa kupumua, na mara nyingine hali huwa ya hatari. Kuhusu kuumwa na kichwa, wengi huzishutumu salfaiti kila wanapokunywa mvinyo mwekundu. Shutuma hiyo ina kasoro: kwa kawaida mvinyo mwekundu una salfaiti chache kuliko mweupe. Kileo chenyewe ni mshukiwa wa karibu zaidi.

Kamati ya wataalamu ya mashirika ya FAO na WHO iliweka kipimo cha miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, asizidishe miligramu 42. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mvinyo mwekundu usio mtamu hauruhusiwi kuzidi miligramu 150 kwa lita, na mweupe usio mtamu miligramu 200. Baadhi ya mvinyo mtamu sana huruhusiwa kufika 400. Glasi mbili za mililita 150 kutoka chupa yenye miligramu 200 kwa lita zitampa mnywaji miligramu 60. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Shida ni kwamba lebo haimpi tarakimu za kuanzia.

Onyo lililo kwenye chupa hutakiwa salfaiti zinapofikia miligramu 10 kwa lita. Marekani ililianzisha mwaka wa 1987, na Umoja wa Ulaya mwaka wa 2005. Chupa yenye miligramu 15 na yenye 200 huandikwa maneno yale yale. Afanye nini basi mnunuzi anayetaka salfaiti chache? Achague mwekundu kabla ya mweupe, na usio mtamu kabla ya mtamu, kwa kuwa sukari hufanya salfaiti nyingi zaidi zihitajike. Atafute maneno yasemayo kwamba hazikuongezwa. Akiona alama ya kilimo-hai, aulize ni ya wapi: kwa Wamarekani mvinyo wa kilimo-hai hauongezwi salfaiti, bali Ulaya huruhusiwa, ila kwa viwango vya chini. Na chupa isiyoongezwa chochote aiweke mahali pa baridi na asiikawize, maana huharibika upesi. Mwenye pumu iliyowahi kuchokozwa na salfaiti asijaribu hata hiyo kabla ya kumwona daktari.

Huenda msomaji akauliza: mvinyo unatuhusu nini sisi walimu, na wanafunzi ambao sheria inawakataza kunywa kabla ya kutimiza miaka 18? Unatuhusu kwa sababu salfaiti haziishi katika mvinyo pekee. Zimo katika matunda mengi yaliyokaushwa, tena wakati mwingine kwa wingi kuliko katika mvinyo. Zimo katika baadhi ya juisi nzito za kuchanganya na maji, zile tunazowamiminia watoto siku za michezo. Nani asiyekumbuka Julai 2019, kituo cha NTV kilipofichua kwamba nyama katika baadhi ya supamaketi za Nairobi ilikuwa ikitiwa salfaiti ili ionekane nyekundu na mbichi? Nchi nzima ilipiga mayowe. Mayowe yakapoa, nasi tukarudi kununua bila kusoma.

Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa. Nionavyo mimi, vifungu hivi viwili havina budi kusomwa pamoja. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa mnunuzi si habari. Ni pambo la chupa. Naliomba Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lidai kwamba kila chakula na kinywaji chenye salfaiti kinachouzwa nchini kiandikwe hivyo kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na kiasi chake.

Nasi walimu tusingoje. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi waingie darasani na pakiti tupu na chupa za juisi, wawaache wanafunzi wazisome lebo, watafsiri na kupiga hesabu. Huenda katika darasa hilo yumo mtoto mwenye pumu ambaye hajui kinachombana kifua kila siku ya michezo.

Yule mwalimu mwenzangu alikunywa maji, akarudi kwake salama. Alikuwa na bahati ya kuketi karibu na mtu aliyeweza kumsomea. Usalama wa raia usitegemee nani ameketi karibu naye.